Sanduku Lenye Homa

Sedekia Mwambene wa Uyole hakuiamini redio baridi. Mteja akileta redio yake na kuiwasha, Sedekia aliinua kidole kumzuia asiseme neno, kisha akangoja. "Iache ipate moto," alisema. "Kitu hakisemi vizuri kabla hakijapata moto."

Hilo alijifunza vitani, Burma, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye mtambo wa mawasiliano mgongoni. Mitambo ile ilikuwa ya valvu, yaani taa ndogo za kioo, na valvu isipowaka ikawa ya moto haitoi sauti. Wenzake wengine walirudi na makovu na medali. Yeye alirudi na ufundi, akafungua kibanda kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuteremka kwenda Chimala au kupanda kwenda Tunduma. Alioa, akazaa, akawa mzee wa kanisa, na miaka thelathini ikapita kichwa chake kikiwa kimeinamia matumbo ya redio za watu.

Transista zilipoingia alizicheka. Vidude hivyo, vingine vidogo kama punje ya harage, vingewezaje kufanya kazi ya valvu? Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika. Redio za valvu zikapungua mwaka hadi mwaka, na Sedekia akalazimika kujifunza upya akiwa na mvi, kwa kitabu kimoja kilichochanika na kwa vidole vilivyoungua. Alijifunza vizuri kuliko alivyotaka kukiri. Mwaka 1975 akaunda kwa mikono yake amplifaya ya kanisa. Mwishoni mwake alifunga transista mbili kubwa, zenye ukubwa wa kifuniko cha soda, ambazo hupokezana kazi kama wapasua mbao wawili kwenye msumeno mmoja: huyu akivuta, yule anaachia. Kwaya ya Uyole ikasikika hadi sokoni. Waliopenda kujisifu walisema ilisikika hadi Mbalizi, lakini hao walikuwa waimbaji wenyewe.

Amplifaya ile haikuharibika hata Jumapili moja. Ndiyo maana Oktoba ya mwaka 1977, Ndalahwa alipokuja kibandani na kofia yake mkononi, Sedekia alimpokea kwa kujiamini kabisa.

Ndalahwa alikuwa mfugaji wa Usangu, Msukuma, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Baba yake, mzee Bujiku, ndiye aliyewaleta kule bondeni miaka kumi na miwili nyuma pamoja na ng'ombe. Kuhama huko kuliacha kidonda. Mdogo wake Bujiku, aitwaye Seni, alikataza ng'ombe wa marehemu baba yao wasitoke nyumbani kaskazini, na Bujiku alipowatoa bandani kwa nguvu, Seni alisimama njiani akatamka mbele ya watu wote: "Kuanzia leo tusizikane." Bujiku naye akajibu hivyohivyo. Neno hilo si la mchezo. Ndugu wasiozikana si ndugu tena, na watoto wao hawawezi kuketi kwenye mkeka mmoja wa msiba.

"Sasa baba mdogo ameleta kanda," Ndalahwa alisema. "Jamaa yetu alikuja nayo kwa treni. Ndani yake baba mdogo analiondoa lile neno. Sisi tumesikia wote. Mzee hasikii."

"Hasikii vipi?"

"Masikio yamekufa, Baba. Ukipiga kelele sikioni anasikia kidogo, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Redio kaseti yenyewe hata hajui kama inasema."

"Si mumwambie tu kilichosemwa?"

Ndalahwa alitikisa kichwa. Kwao, alieleza, neno la namna ile huondolewa na kinywa kilicholitamka, na sikio lililolisikia ndilo lisikie likiondolewa. Mtu wa tatu hawezi kulibeba. Walijaribu. Mzee aliwatazama mmoja mmoja akawaambia wanamdanganya ili afe kwa raha. Na kufa hakukuwa mbali: miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na chakula alikuwa anakirudisha.

"Anataka asikie mwenyewe, ndipo atoe jibu," Ndalahwa alisema. "Na baba mdogo kule anangoja jibu."

Sedekia hakuhitaji kushawishiwa. Alikuwa amezika ndugu wawili na alijua uzito wa jambo. Kwa siku tisa aliunda amplifaya nyingine, ndogo kuliko ya kanisa, kwa transista mbili kubwa alizokuwa ameziagiza Nairobi kabla mpaka haujafungwa mwezi wa pili. Aliitia kwenye sanduku zuri la mbao, bila tundu hata moja, maana vumbi la Usangu halina adabu. Aliijaribu kibandani asubuhi na jioni, ukungu ukiwa umelala barabarani na yeye mwenyewe akiwa amevaa koti. Ilinguruma vizuri mno. Akaipakia kwenye lori pamoja na betri ya gari na spika ya tarumbeta, akateremka.

Mtu wa Uyole anayeteremka Usangu mwezi wa kumi huvua koti Igurusi, na akifika Rujewa hutamani kuvua ngozi. Walimweka mzee Bujiku kwenye kiti cha ngozi mbele ya nyumba, tarumbeta ikaelekezwa sikioni mwake, na ukoo wote ukajipanga. Ilikuwa saa saba mchana. Sedekia aliunganisha redio kaseti, akawasha amplifaya, akainua kidole chake.

"Iache ipate moto."

Waliingoja robo saa nzima juani. Mbuke, mke wa Ndalahwa, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha mzee na kumwogesha, alipita karibu akaweka kiganja juu ya sanduku kama anavyogusa paji la uso la mtoto.

"Fundi," alisema, "hii sanduku ina homa."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Mashine ni lazima ipate moto."

Mbuke aliondoa mkono, akanyamaza. Alikuwa mkwe wa boma, na mgeni alikuwa fundi aliyefika hadi Burma.

Sauti ilipotoka, mzee alishtuka kwenye kiti. Macho yake yakafunguka yakawa ya kijana. "Seni!" aliita, na watu wakacheka kwa furaha. Kwenye kanda Seni alianza kama wazee wanavyoanza, kwa salamu: aliuliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza mvua. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikawa nene, ikazama. Harufu ya kuungua ikatoka sandukuni. Mzee aliendelea kutega sikio muda mrefu baada ya wengine wote kujua kwamba kumekwisha.

"Ameniuliza ng'ombe," alisema hatimaye. "La tusizikane hajaligusa."

Sedekia aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu utotoni. Usiku huohuo wa kurudi hakulifungua sanduku. Alingoja asubuhi. Mita ilimwambia transista zote mbili zimekufa. Akatafuta sababu kama fundi anavyotafuta, akianzia kwa anachokijua. Alikuta kiungo kimoja cha lehemu kimelegea. Hapo akapiga paja: barabara! Lori lilikuwa limerukaruka tangu Chimala, kiungo kikaachia, transista moja ikabaki inavuta msumeno peke yake, ikafa na kumuua mwenzake. Maelezo yalikuwa mazuri. Ubaya wa maelezo mazuri ni kwamba mtu hatafuti mengine.

Transista nyingine mbili alizitoa kwenye redio ya gari aliyoletewa kutengeneza na ambayo mwenyewe hakuirudia kwa miaka miwili. Alizilehemu kwa uangalifu wa mtu anayeshona jeraha. Na ili lori lisimfanyie tena mchezo, alikata blanketi kuukuu akalifunika sanduku lote kwa ndani, chini, juu na pembeni. Watu wa nyanda za juu ndivyo tulivyo: tukipenda kitu tunakivika. Alilijaribu siku mbili kwenye baridi ya Uyole, likaimba.

Usangu lilidumu kwa salamu tu. Safari hii sauti ilikufa kabla hata ya ng'ombe kuulizwa.

Mzee Bujiku alimwashiria Mbuke amrudishe ndani, na walipompita Sedekia, fundi aliona jinsi shingo ya mzee ilivyokonda katika wiki mbili zile. Ndalahwa alimsindikiza hadi barabarani akisukuma baiskeli. Hakumlaumu. Sedekia angependa kulaumiwa.

"Una nyingine?" Ndalahwa aliuliza.

"Sina. Lakini kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nipe siku chache."

Hakupumzika Uyole ila kulala. Alipanda basi la Iringa akiwa na sanduku mapajani, akashuka njia ya Mufindi, akapata lori la mbao hadi Igowole. Huko alikaa Jailos, rafiki yake wa jeshini, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya mashamba ya chai. Jailos alikuwa na transista mbili kubwa zilizobaki, na katika mkoa mzima Sedekia hakumjua mtu mwingine mwenye nazo.

"Kamwene, Sedekia," Jailos alimsalimu akimtazama uso. "Nani amekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja."

Walizifunga pamoja. Igowole ilikuwa imezama kwenye ukungu, na amplifaya, ikiwa imeunganishwa na redio kaseti ya Jailos, iliongea tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri bila kukohoa. Jailos aliigonga kwa mpini wa bisibisi, akaitikisa, akaiangusha kidogo juu ya meza. Haikujali.

"Haina ugonjwa," alisema. "Labda umerogwa wewe."

"Usinitanie leo, ndugu yangu."

Manyunyu yakaanza. Verediana, mke wa Jailos, aliingia kutoka shambani, akaona sanduku liko karibu na mlango linapigwa na unyevu, akafanya kile ambacho kila mwanamke wa Mufindi hukifanya kwa kitu cha thamani: alilibeba na nyaya zake, akaliweka jikoni kando ya figa, panapokaushwa mbegu na viatu vya watoto. Hakuuliza mtu. Wanaume wawili waliendelea kunywa chai.

Baada ya muda sauti ikaanza kukwaruza.

Sedekia aliinuka hadi kikombe kikamwagika. Alifika jikoni akaing'oa waya ya betri kwa mkono. Kisha akaweka kiganja juu ya sanduku, na hapo akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Hii sanduku ina homa. Mbuke alimwambia siku ya kwanza, mbele ya ukoo mzima, na yeye akamfundisha kazi.

Walilitoa nje likapoa, likapona. Wakalirudisha karibu na moto, safari hii mita ya Jailos ikiwa imefungwa kwenye waya ya betri na kanda imezimwa kabisa. Hakukuwa na sauti yoyote, lakini sindano ya mita ilipanda, ikapanda tena, pole pole, bila mtu kugusa kitu.

"Tazama," Jailos alinong'ona. "Haifanyi kazi yoyote, na inakunywa umeme. Ikipata joto inakunywa zaidi, na ikinywa zaidi inazidi joto. Inajichoma yenyewe."

"Na mimi niliingoja robo saa ipate moto," Sedekia alisema. "Halafu nikaivika blanketi."

Jailos alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. Siku iliyofuata waliifanyia kazi kimyakimya. Walipunguza umeme unaopita transista zikiwa zimetulia. Walikata pande la alumini kutoka sufuria kubwa la Verediana, ambaye alilitoa bila kulalamika, wakazibana transista juu yake ili joto lipate pa kukimbilia. Walitoboa sanduku matundu pande zote. Blanketi Sedekia alilitoa kipande kwa kipande, akalitupa motoni mwenyewe. Kisha wakaiwasha kando ya figa kuanzia chakula cha mchana hadi jioni. Ilikuwa ya moto, lakini iliendelea kusema.

Alishuka Rujewa Jumatano, mapema, jua likiwa bado laini. Ndalahwa alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, na baiskeli imelala chini. Sedekia alimwona kwa mbali akadhani mzee amefariki.

"Mzee yupo?"

"Yupo. Jana alikunywa uji." Ndalahwa aliinua uso. "Baba mdogo ndiye aliyefariki. Simu ilifika stesheni juzi. Alifariki Jumapili."

Sedekia aliliweka sanduku chini. Alihesabu bila kutaka kuhesabu. Alipokuja mara ya kwanza, Seni alikuwa hai. Alipokuja mara ya pili, Seni alikuwa hai na anangoja.

"Mzee anajua?"

"Hajui. Hata hatukunyoa nywele kwa msiba, angetuona. Amebaki na jambo hili moja tu, Baba. Tukimwambia, hatasikiliza tena kanda. Atasema kinywa kimeshafungwa."

Sedekia alivua kofia. Maneno yaliyofuata alikuwa hajawahi kumwambia mteja katika miaka thelathini. "Lehemu haikuwa na kosa, wala barabara. Kosa lilikuwa langu. Ni joto. Mkeo aliniambia siku ile ya kwanza, nami nikamnyamazisha."

Ng'ombe wa mtu walivuka barabara, wakaisha. Kisha Ndalahwa akainua baiskeli, akalifunga sanduku nyuma kwa mpira.

"Twende," alisema. "Jua linapanda."

Mzee Bujiku hakuweza tena kukaa kwenye kiti, kwa hiyo walimlaza kwenye ngozi upande wa kivuli, Mbuke akamwinua kichwa akakiweka mapajani mwake. Hapakuwa na ukoo uliojipanga safari hii, ni wao wanne tu. Sedekia aliwasha na kuanzisha kanda papo hapo, bila kuinua kidole. Mbuke aliweka kiganja juu ya sanduku akamtazama, na Sedekia akamwambia, "Ukiona imezidi, mama, niambie. Nitazima."

Seni alisalimu. Aliuliza watoto, ng'ombe, mvua. Mzee alikuwa akiitikia kila salamu kwa sauti ndogo. Kisha sauti ya kwenye kanda ikapungua mwendo, na Sedekia, asiyejua Kisukuma, alijua kwamba wamefika. Mbuke alimtafsiria kwa kunong'ona: "Anasema, lile neno nililolisema njiani nimelitema. Nimelitema mbele ya watu kama nilivyolisema mbele ya watu. Nikifa, uje unizike. Ukitangulia, nitakuja kukuzika. Nipe sauti yako, nami nisikie, isichelewe."

Kanda ikaisha, ikabaki inavuma tu. Machozi ya mzee yalitiririka yakaingia kwenye masikio yake yaleyale. Aliuliza kitu. Ndalahwa aligeuka akatazama ukuta.

"Anauliza kama mashine inaweza kuchukua sauti yake pia," Mbuke alisema. "Ampelekee."

Sedekia angeweza kusema haiwezi, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Ndalahwa, na Ndalahwa akaitikia kwa kichwa, mgongo ukiwa bado umewaelekea. Basi fundi aligeuza kanda upande wa pili, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akapiga magoti na kuisogeza redio kaseti karibu na mdomo wa mzee.

Mzee alizungumza taratibu, akipumzika kati ya maneno. Mbuke alitafsiri mwanzo wake. Seni, nimesikia kwa sikio langu. Nami la kwangu nimelitema. Ng'ombe wa baba wamezaana, wako wenye rangi ya mama yao, njoo uchague kabla mvua hazijafunga njia, mimi nitajikaza nikungoje. Baada ya hapo Mbuke hakuweza kuendelea, akainamisha uso juu ya nywele za mkwewe. Sedekia aliendelea kushika redio. Magoti yalimuuma, na alitamani yazidi kumuuma.

Mzee alipomaliza aliinua mkono, akapapasa hewani hadi akaupata mkono wa fundi. Ulikuwa mwepesi, mkavu, na bado ulikuwa na nguvu kuliko alivyotegemea. Akatafuta Kiswahili chake, ambacho hakuwa amekitumia siku nyingi.

"Wabeja, asante, fundi," alisema. "Umewahi."

Sedekia aliinama juu ya sanduku akaanza kufungua nyaya, moja baada ya nyingine, ingawa hakuna aliyemwambia afungue.